Sifuri kwenye Karatasi ya Maabara: Mbegu Zimekatikia Wapi?

Karatasi yenyewe ni ndogo. Ujazo wa manii, rangi, muda wa kuyeyuka, kisha kwenye mstari wa idadi ya mbegu pameandikwa sifuri. Mwenye nayo anaikunja mara nne, anaitia mfuko wa shati, na akifika nyumbani Nkuhungu anamwambia mkewe majibu hayajatoka. Wiki mbili baadaye ana chupa tatu za dawa ya mizizi chini ya kitanda, na rafiki yake amemwapia kwamba vumbi la Kongo lilimsaidia shemeji yake.

Tuanze hapo hapo kwenye vumbi la Kongo, hiyo dawa inayouzwa kama ya kuongeza nguvu za kiume, maana ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Nguvu za kiume ni kitu kimoja, mbegu ni kitu kingine. Mwanamume anaweza kuwa na hamu, akasimamisha, akamaliza, na manii yakawa na rangi na wingi ule ule wa siku zote, na ndani yake pasiwe na mbegu hata moja. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya manii ni majimaji ya tezi zilizo karibu na kibofu. Kinachotoka kwenye korodani ni sehemu ndogo sana. Ndiyo maana aliyefunga uzazi haoni tofauti yoyote kitandani. Na ndiyo maana supu ya pweza, hata ikifanya kazi inayosifiwa, haijibu swali lililo kwenye ile karatasi.

Katika kila wanaume 100 kuna kama mmoja mwenye sifuri hiyo. Ukihesabu wale tu waliofika hospitali kwa tatizo la uzazi, ni kati ya 10 na 15 kwa kila 100. Kwa hiyo si jambo la ajabu, ila halisemwi.

Sisi wa Dodoma tunaelewana haraka tukizungumza kwa zabibu. Mkulima wa Hombolo akikuambia "msimu huu sikuvuna kitu", bado hujajua lolote mpaka umuulize ilikuwaje. Pengine mashina yalikauka. Pengine maji hayakufika shambani. Pengine mizabibu ilichanua vizuri, maua yakapukutika. Pengine vichala vilijaa, zikabaki kijani na ngumu, zisiive. Na pengine ziliiva tamu kabisa, zikaozea shambani kwa sababu mnunuzi hakuja. Zote ni "sikuvuna". Lakini mwenye shida ya mnunuzi ukimpelekea mbolea, umemtania.

Karatasi ya sifuri nayo iko hivyo hivyo. Inasema hakuna mavuno. Haisemi mbegu zimekatikia wapi.

Kwanza, je, ni sifuri kweli?

Kipimo kimoja hakitoshi. Mwanamume anatakiwa akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, atoe sampuli yote bila tone la kwanza kupotea, na ifike mezani ikiwa na joto la mwili, ndani ya saa moja. Mtu aliyeibeba sampuli kutoka Kongwa kwenye basi hajapimwa. Amesafirisha tu kichupa. Omba chumba hospitalini, hata kama unaona aibu. Maabara nayo ina wajibu wake: kabla ya kuandika sifuri, sampuli izungushwe kwenye mashine ya kutenganisha, na ule mkusanyiko unaobaki chini uangaliwe kwa hadubini kwa utulivu. Wapo waliopewa sifuri, mzunguko huo ukatoa mbegu tano au sita. Mbegu tano ni chache mno kwa mimba ya kawaida, lakini kwa teknolojia nitakayoieleza mbele zinaweza kumwepusha mtu na kisu. Kipimo kirudiwe, hasa kama mtu alikuwa na homa kali miezi ya karibuni, kwa sababu kinachoonekana leo kilianza kutengenezwa takriban miezi mitatu iliyopita.

Hiyo miezi mitatu ikae kichwani. Ndani ya korodani kuna mamia ya mirija myembamba iliyojikunja. Ukutani mwa mirija hiyo hukaa seli mama, ambazo hugawanyika siku zote tangu mtu anapobalehe. Baadhi ya watoto wake huingia kwenye safari ya kupunguza kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, kutoka 46 hadi 23, ili zikutane na 23 za mama. Zikishapungua, tunapata chembe ndogo ya duara, isiyo na mkia, isiyojua kuogelea. Chembe hiyo hubadilika umbo: inakaza vinasaba vyake ndani ya kichwa kidogo, inaota mkia, inavua mwili wa ziada. Hapo ndipo imeiva. Safari hiyo huchukua siku 74 hivi, na kama wiki mbili nyingine za kupita kwenye mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani. Ukiona mtu anauza dawa inayorudisha mbegu kwa siku saba, hata hesabu hajui.

Zimeiva, njia imefungwa

Hawa ndio wenye bahati ndani ya bahati mbaya. Kiwanda kinafanya kazi, korodani zina ukubwa wa kawaida, homoni ziko sawa, ila mbegu hazina pa kupita. Kisonono na klamidia zilizotibiwa nusu nusu huacha makovu kwenye mirija. Kifua kikuu kinaweza kushuka huko, kichocho pia. Upasuaji wa ngiri wa utotoni huweza kuukata mrija bila mtu kujua. Wengine walizaliwa bila mrija wenyewe, jambo ambalo daktari mzoefu huligundua kwa vidole tu akipapasa, kabla ya mashine yoyote.

Na wapo ambao mbegu zinatoka, lakini zinarudi nyuma kwenye kibofu, hasa wenye kisukari cha muda mrefu. Kwao hupimwa mkojo wa mara tu baada ya kumaliza.

Njia iliyofungwa mara nyingine huunganishwa kwa upasuaji. Isipowezekana, mbegu hunyonywa kwa sindano kutoka nyuma ya korodani na kutumika maabara. Sitawachosha na hili, kwa sababu makala hii ni ya wale ambao mbegu zao hazikuiva.

Maji hayakufika

Korodani hazijiongozi. Tezi ndogo chini ya ubongo hutuma homoni mbili, LH na FSH. Zisipotumwa, korodani hulala, hata kama hazina ugonjwa wowote. Kipimo cha damu huonyesha FSH na LH chini, na testosteroni, homoni ya kiume, chini.

Usishangae daktari akikuuliza kama maharage yakiungua jikoni huwa unasikia harufu. Anajua anachotafuta. Mtoto akiwa tumboni, seli zinazoamsha tezi hiyo huanza safari yake maeneo ya puani na kupanda kwenda kwenye ubongo kwa kufuata njia ya mishipa ya harufu. Safari ikikwama, mtu huzaliwa hasikii harufu, na baadaye kubalehe kwake huchelewa au hakukamiliki. Ni hali ya nadra. Naitaja kwa sababu ni moja ya sehemu chache ambapo sifuri hutibika kwa dawa: sindano za hCG, homoni inayofanya kazi ya LH, mara mbili au tatu kwa wiki, baadaye zikiongezwa za FSH. Wengi huanza kuonyesha mbegu, lakini ni kazi ya miezi sita hadi hata miaka miwili.

Kinyume chake ni mtu aliyejikaushia maji mwenyewe. Testosteroni ya sindano, na dawa za kujaza misuli zinazouzwa gym, huufanya ubongo uamini kuwa homoni imetosha. Tezi inanyamaza, korodani zinasinyaa, mbegu zinafika sifuri. Kijana ana kifua kama mlango na karatasi tupu. Kibaya zaidi, akienda kulalamika anaweza kuongezewa testosteroni ile ile "apate nguvu". Wengi hurudi katika hali yao wakiacha, ndani ya miezi sita hadi mwaka au zaidi, na wafanye hivyo wakiwa na daktari. Mwambie daktari ukweli. Hakuna anayekupeleka polisi.

Zimekatikia njiani

Sasa tumefika kwenye kundi kubwa na gumu. Maji yanafika, tena kwa wingi. Mara nyingi FSH iko juu kwa sababu ubongo unapiga kelele na korodani haziitiki. Matumbwitumbwi aliyoyapata mtu baada ya kubalehe yanaweza kuwa chanzo. Korodani ambazo hazikushuka utotoni, dawa za saratani, mionzi, ajali, ni vyanzo vingine. Wengi hawana chanzo kinachojulikana.

Wengine ni maumbile ya kromosomu. Mwanamume mmoja kati ya 500 hadi 660 hivi huzaliwa na kromosomu X ya ziada, hali inayoitwa Klinefelter. Wengi hugundua siku wanayotafuta mtoto. Wengine wamekatika kipande kidogo kwenye kromosomu Y, eneo linaloitwa AZF, lenye sehemu tatu: a, b na c.

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Aliyepotelewa na sehemu nzima ya a, au nzima ya b, upasuaji wa kutafuta mbegu hautamsaidia, na madaktari wanaofuata miongozo hawampeleki kwenye kisu. Aliyepotelewa na c peke yake ana matumaini ya karibu nusu kwa nusu, ingawa akipata mtoto wa kiume atamrithisha upungufu huo huo. Mwenye Klinefelter naye hupatikana na mbegu karibu nusu ya mara zinapotafutwa vizuri. Wote hao watatu wana karatasi ya sifuri inayofanana. Kinachowatofautisha ni damu ya mkononi. Vipimo hivi vya vinasaba haviko kila maabara, na vina bei, lakini ni nafuu kuliko kuuza ng'ombe wanne kwa ajili ya upasuaji ambao ulikuwa umeshajibiwa kabla haujafanyika.

Ndani ya korodani zenyewe, hali huwa moja kati ya tatu. Kuna mirija isiyo na seli mama kabisa. Shamba bila mashina. Kuna inayozalisha kidogo mno, mbegu zikiishia humo humo bila kufika nje. Na kuna ambayo seli zinaanza safari, zinafika kituo fulani, zinasimama zote hapo. Hawa wa mwisho wanachanganya hata madaktari, kwa sababu korodani zao zinaweza kuwa za ukubwa wa kawaida na FSH yao ya kawaida, wakadhaniwa wamefungwa njia.

Kusimama nako kuna kituo cha mapema na cha mwisho. Seli ikisimama kabla ya kufikisha kromosomu 23, haitumiki. Ukiiweka kwenye yai, hesabu haitakubali. Ikisimama ikiwa tayari na 23, lakini bado ni ile chembe ya duara isiyo na mkia, hapo mjadala unaanza.

Kuvuna kwa hadubini

Korodani haichoki mahali pote sawasawa. Kona moja inaweza kuwa kame kama Bahi mwezi wa kumi, na sentimita moja pembeni pakawa na mirija michache inayotoa mbegu. Ndiyo maana kukata kipande kimoja na kusema "hakuna" ni haraka mno. Mwaka 1999 daktari Peter Schlegel wa New York alieleza njia ya kuifungua korodani chini ya hadubini ya upasuaji, kupekua mirija polepole, na kuchukua ile iliyonona na yenye weupe tu. Kitaalamu huitwa micro-TESE. Huchukua masaa. Kwa jumla mbegu hupatikana kwa karibu nusu ya wanaopasuliwa, kiwango kikipanda au kushuka kulingana na chanzo. Baadaye testosteroni huweza kushuka, kwa hiyo ipimwe kabla na baada.

Mbegu iliyochukuliwa humo haijajifunza kuogelea, na ni chache. Haimwagwi kwenye mji wa mimba. Inadungwa moja kwa moja ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele, njia inayoitwa ICSI, iliyoleta watoto wa kwanza huko Brussels mwaka 1992. Kabla yake, mtoto wa kwanza wa maabara, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, lakini njia ile ya mwanzo ilihitaji maelfu ya mbegu zinazoogelea kulizunguka yai. Kwa mwanamume wa sifuri, milango ilianza kufunguka 1992.

Angalia sasa nani anabeba mzigo. Tatizo ni la mume, lakini mke ndiye atakayechomwa sindano za homoni kila siku kwa wiki moja na nusu hadi mbili, atobolewe kuvunwa mayai, na abebe mimba. Ni huyu huyu ambaye kwa miaka sita mawifi walimwita mgumba. Naye apimwe mapema, kabla mume hajalazwa mezani: umri wake na akiba yake ya mayai vina uzito mkubwa kwenye matokeo, na baada ya miaka 35 kila mwaka unahesabika. Mume anayekataa kupimwa miaka mitano kwa kulinda heshima yake ametumia miaka mitano ya mayai ya mkewe.

Chembe ya duara

Je, zikikosekana zilizoiva, zile za duara zinaweza kutumika? Madaktari walianza kujaribu miaka ya 1990. Watoto wa kwanza waliripotiwa Ufaransa mwaka 1995. Njia hiyo ikafifia kwa sababu mimba zilikuwa chache. Atsushi Tanaka na wenzake Japani waliirudisha: mwaka 2015 waliripoti watoto 14, na mwaka 2018 watoto 90 waliofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, bila kuona tofauti kubwa na wenzao waliotungwa kawaida.

Ugumu uko sehemu mbili. Chembe ya duara inafanana sana na seli nyingine za korodani, kwa hiyo jicho lisilozoea litadunga kitu kisicho mbegu. Pili, mbegu iliyoiva huliamsha yai lianze kugawanyika. Ya duara haina nguvu hiyo, ikabidi yai liamshwe kwa mshtuko mdogo wa umeme. Kiwango cha kufanikiwa bado ni kidogo kulinganisha na mbegu iliyoiva, na vyama vya kitaalamu vinaihesabu kama njia ya majaribio. Akikuuzia mtu kama tiba ya uhakika, ondoka. Akikueleza kama utafiti, na hakufichi kiwango chake, msikilize.

Kuotesha mbegu nje ya mwili? Wajapani walipata watoto wa panya mwaka 2011 kutokana na tishu ya korodani iliyooteshwa maabara. Kwa binadamu bado ni habari ya magazeti.

Milango isiyo ya hospitali tu

Mbegu ya mwanamume mwingine, iliyohifadhiwa na kupimwa magonjwa, kitabibu ni njia rahisi kuliko zote nilizoeleza. Kwa nyumba nyingi za hapa ndiyo ngumu kuliko zote. Fatwa ya Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Misri, ya mwaka 1980 iliruhusu kutungisha nje ya mwili kwa mke na mume walio ndani ya ndoa, na ikakataa mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, kwenye waraka wake wa 1987, lilikataa hata ile ya wanandoa wenyewe. Zungumzeni na kiongozi wenu wa dini kabla ya kulipa, siyo baada. Na ile "njia ya ukoo", ya kaka kumsaidia kaka kimya kimya usiku, sitajifanya siijui. Haina kipimo cha magonjwa, haina ridhaa iliyoandikwa, na siri yake hutoka siku ya mirathi.

Kuasili mtoto kunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mlango ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na amri hutolewa na Mahakama Kuu. Kumlea mtoto wa dada yako ni jambo jema na la kawaida kwetu, ila kisheria si kuasili.

Kabla hujakata tiketi

Hatua za mwanzo zinaanzia hapa hapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, au Benjamin Mkapa: daktari wa njia ya mkojo akupapase, kipimo kirudiwe, homoni zisomwe. Kwa kupandikiza mimba, wengi wetu bado tunatazama Dar es Salaam, na tangu 2024 treni ya SGR imeifanya iwe safari ya kwenda na kurudi siku moja.

Kwenye bahasha beba vipimo viwili vya manii vya tarehe tofauti, FSH, LH na testosteroni, majibu ya kromosomu na ya AZF, na vipimo vya mkeo. Ukikaa mbele ya mpasuaji, muulize ameshafanya upasuaji wa hadubini mara ngapi na amepata mbegu mara ngapi. Uliza kama mtaalamu wa maabara atakuwepo chumbani kuangalia kila kipande kinapotoka. Uliza mbegu zikipatikana zitagandishwa wapi, na zisipopatikana siku hiyo mayai ya mkeo yatafanywa nini. Jibu likiwa ni namba, endelea kuzungumza. Likiwa ni "tutajua mbele ya safari", treni ya jioni ya kurudi Dodoma ipo.